Geuza Kava Usome: Namna ya Kuunga Plastiki Iliyopasuka

Mwaka jana nilipeleka madigadi ya mbele ya pikipiki kwa fundi mmoja wa Buguruni, Dar es Salaam. Ilikuwa imepasuka kuanzia tundu la boliti hadi ukingoni, na nilikuwa nimeshaibandika supaglu mara tatu. Kila mara ilishika vizuri nikiwa nyumbani, ikaachia nilipoingia barabara ya vumbi. Fundi hakuniuliza ilipasukaje. Aliigeuza, akafuta tope la ndani kwa kidole gumba, akanionyesha herufi mbili ndogo zilizochomoza kwenye plastiki: PP.

"Kaka, hii haikubali gundi," akasema. "Hata ungemwaga kopo zima."

Seremala hawezi kukuambia "hii ni mbao" kisha akanyamaza. Atakuambia ni mninga, mkongo au msonobari, kwa sababu kila mti una tabia zake mbele ya msumeno na msumari. Ila tukifika kwenye plastiki, tunaita kila kitu plastiki: bampa la gari, kava la pikipiki, ndoo ya kufulia, tangi la maji, kifuniko cha injini ya mashine ya kukatia nyasi. Ukarabati mwingi unaharibikia hapo. Ufa unarudi hata kwa fundi mwenye mkono mzuri, kwa sababu dawa aliyotumia ni ya plastiki nyingine. Mwenye bodaboda anayehesabu kila shilingi ya siku anapobandika kava lilelile mara nne, halafu akaishia kununua jipya, amelipa mara tano kwa jambo ambalo lingekwisha kwa saa moja ya kazi sahihi. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana nalieleza kwa kirefu.

Plastiki inajitaja yenyewe

Watengenezaji wengi huandika jina la plastiki upande wa ndani wa kipande, katikati ya alama mbili zinazoelekeza ncha zake kwenye herufi, hivi: >PP< au >ABS<. Ni utaratibu wa viwango vya kimataifa, ISO 11469, uliowekwa ili plastiki itambulike inapofika wakati wa kurejelezwa. Kwa fundi, alama hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kipande alichoshika.

PP ni polipropilini. Mabampa mengi ya magari madogo yametengenezwa kwayo, lakini mara chache huwa peke yake. Ukisoma >PP+EPDM-T20<, maana yake ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili bampa lipinde badala ya kuvunjika vipandevipande, pamoja na talki, yaani unga wa jiwe laini, asilimia 20, ili lisilegee juani. ABS ni plastiki ngumu yenye uso laini unaopokea rangi vizuri. Makava mengi ya pembeni ya pikipiki, sehemu zinazozunguka taa na urembo mwingi wa mbele ni wa namna hiyo. PE ni poliethilini, ndugu wa karibu wa PP, na ndiyo utakayoikuta kwenye madumu, matangi ya maji na matangi ya mafuta ya mashine ndogo. PA ni nailoni. Mara nyingi huandikwa PA66-GF30, na hiyo GF30 ni nyuzi za kioo asilimia 30, ndiyo maana nailoni hiyo hutumika kwenye vichwa vya rejeta vinavyokaa na maji ya moto mchana kutwa. PC ni polikaboneti, plastiki angavu ya kioo cha taa.

Mashine moja ya bustani inaweza kubeba karibu zote hizi. Nimewahi kufungua mashine ya kufyekea majani nikakuta kava la injini ni ABS, tangi la petroli ni PE, na kishikio cha mkono ni nailoni yenye nyuzi za kioo. Kwa macho zilikuwa plastiki nyeusi tatu zinazofanana. Mtu angezishughulikia zote kwa gundi moja, zote tatu zingemwangusha, na kila moja kwa sababu yake.

Herufi zikiwa zimefutika, au kipande ni cha bei rahisi na hakikuandikwa kitu, kuna vipimo vya nyumbani. Cha kwanza ni tone la asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, mradi chupa yake iseme wazi kwamba ina asetoni, maana nyingine siku hizi hazina. Weka tone sehemu isiyoonekana, subiri sekunde kumi, gusa. ABS hunata kama peremende iliyolambwa. PP na PE hazina habari, tone linakauka na kuondoka. Usijaribu kwenye kioo cha taa, kwa sababu polikaboneti hupata ukungu na nyufa ndogondogo ambazo hazitoki tena.

Kipimo cha pili ni maji. Kata kipande kidogo, kitose kwenye bakuli, kizamishe kwa kidole ili viputo vya hewa vitoke. PP ina uzito wa gramu 0.9 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo huelea. ABS hufika 1.05 na huzama. Ila hapa pana mtego: bampa lenye talki nyingi laweza kuzama ingawa ni PP. Kwa hiyo kikielea, una uhakika wa kutosha kwamba ni PP au PE. Kikizama, bado hujajua kitu.

Cha tatu ni moto, na hiki kifanyike nje, penye upepo, kwa chenga ndogo iliyoshikwa na koleo. PP na PE huwaka taratibu na kudondoka matone, na ukizima moshi wake hunuka kama mshumaa uliopulizwa. ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayoruka kama nyuzi za buibui. Nailoni hunuka nywele zilizoungua. Ukisikia harufu kali inayochoma pua na koo, acha mara moja usogee pembeni. Huenda ni PVC, plastiki ya mabomba ya maji, na moshi wake una tindikali. Harufu inasomwa kwa kuipunga kwa kiganja kuelekea puani. Hakuna haja ya kuinamia moshi.

Kwa nini PP inakataa gundi

Polipropilini ngumu tunayoijua leo ilitengenezwa mwaka 1954 na Giulio Natta huko Milan, Italia, akiendeleza kazi ya Mjerumani Karl Ziegler, na mwaka 1963 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia. Minyororo ya molekuli zake imejengwa kwa kaboni na hidrojeni tu, kama nta ya mshumaa. Ndiyo maana zinanuka sawa zinapoungua, na ndiyo maana tabia zao mbele ya gundi zinafanana.

Gundi yoyote, kabla ya kushika, lazima kwanza ilowanishe uso inaopakwa, yaani itandae na kuingia kila kona. Dondosha maji kwenye bampa ambalo halijapakwa rangi uone yanavyojikusanya na kuteleza. Gundi nayo hufanya vivyo hivyo. Inakaa juu ya uso kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti. Ukipiga msasa, itajishikiza kidogo kwenye mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia madigadi yangu hadi kwenye shimo la kwanza.

Supaglu ina tatizo la pili. Dawa yake iligunduliwa mwaka 1942 na Harry Coover akiwa Eastman Kodak, Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1958. Inakauka haraka kwa sababu unyevunyevu mdogo uliopo kwenye kila kitu, hata kwenye ngozi ya kidole, unatosha kuiamsha. Ikishakauka inakuwa ngumu na kavu kama kioo. Madigadi inapinda kila gurudumu linapoingia kwenye shimo, na gundi haipindi, basi kinachoachia kinajulikana. Hata kwenye ABS, ambako supaglu hushika kwelikweli, nitaitumia kuvishikilia vipande viwili visicheze wakati naandaa kazi yenyewe. Kuiachia mzigo wa barabara ni kujidanganya.

Ule mtindo wa kunyunyizia supaglu bikaboneti ya soda, ile ya kuokea keki, nao una ukweli wake. Unga ule huifanya gundi igande papo hapo na kujaza pengo kwa tonge gumu kama jiwe. Kwa sikio la skrubu lililokatika kwenye kava la ABS lisilopata mtikisiko, unasaidia. Kwa bampa, hapana.

Ufa wenyewe kwanza

Kabla ya kuunga chochote, ufa uzuiwe usiendelee. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu inayovuta bamba hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na jinsi ncha inavyokuwa kali ndivyo nguvu inavyozidi hapo. Penye tundu la duara, mvuto unafika mara tatu ya ule wa sehemu nyingine za bamba. Penye ncha kali ya ufa unapita hapo mara nyingi sana. Ndiyo maana ufa wa sentimita mbili unakuwa wa kumi ndani ya wiki bila kugongwa tena. Mtikisiko wa kawaida wa injini unatosha kuusukuma.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi huanza na keekee na biti ya milimita 3. Anatoboa tundu mwisho wa ufa, na ncha kali inageuka kuwa duara. Kazi ni kuupata huo mwisho, kwa sababu ufa huwa umeshatangulia mbele kuliko unavyoonekana. Paka wino wa maka kuzunguka mahali unapodhani ufa umeishia, subiri kidogo, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Wino uliozama ndani ya ufa hubaki, nao utakuchorea mstari mwembamba mpaka ulipo mwisho wenyewe. Toboa hapo, au mbele yake kidogo.

Kuunga PP kwa joto

PP haitaki gundi lakini inapenda joto. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi hadi 165, na ikiyeyushwa pamoja na PP nyingine, minyororo yao husukana, na zikipoa ni kitu kimoja. Kazi hii inafanyika kwa mashine ya hewa moto, au kwa chuma cha kulehemu cha mafundi redio, ambacho ndicho wengi wetu tunaweza kukipata.

Osha kipande kwa maji na sabuni kabla msasa haujakigusa, kisha kipanguse kwa spiriti. Utaratibu huu usigeuzwe. Ukianza na msasa unausugua uchafu uingie ndani ya plastiki, hasa ile dawa ya kung'arisha dashibodi na mabampa ambayo ina silikoni. Hakuna kitakachoshika juu ya silikoni, hata rangi. Halafu panga kingo za ufa zikae sawasawa kwa upande wa mbele, uzibane kwa selotepu ngumu, ndipo ugeuze ufanyie kazi nyuma.

Kwa nyuma, chonga mfereji wa umbo la V kufuata ufa, uingie nusu ya unene au zaidi kidogo. Kwa kisu chenye moto kazi hii ni ya dakika tano. Mfereji unafanya mambo mawili: unatoa nafasi ya plastiki mpya kuingia, na unaondoa plastiki iliyozeeka. Jua letu huvunja minyororo ya PP kuanzia juu, ndiyo maana bampa la zamani huwa jeupe na kuacha vumbi kidoleni. Tabaka hilo limekufa, na ukiliyeyusha halina nguvu ya kushika chochote. Kwangua hadi uone rangi ya plastiki hai.

Sasa pitisha ncha ya chuma kwenye kina cha mfereji, bila kuongeza kitu, ili kingo mbili zishikane. Kisha anza kujaza. Kijazio kiwe PP kama kipande chenyewe, na kilicho bora kuliko vyote ni utepe wa milimita tano ulioukata kwenye bampa bovu la aina ileile. Mafundi wa bodi wana marundo ya mabampa yaliyokufa nyuma ya karakana. Ukiomba kwa adabu hukosi kipande.

Hapa lazima niseme juu ya zipu tai, zile kamba nyembamba za plastiki za kufungia nyaya. Nimeona video nyingi zinafundisha kuziyeyushia kwenye bampa. Zipu tai za kawaida ni nailoni 66, ambayo inayeyuka karibu na nyuzi 260, na hata ikiyeyuka haichanganyiki na PP, kama mafuta na maji. Unapata mshono mzuri wa kutazama, wenye mistari safi, ambao unachomoka mzimamzima kama kamba ya kiatu. Zipu tai zinafaa kwenye nailoni tu.

Kosa la pili linalorudiwa kila siku ni moto kupita kiasi. Chuma cha kulehemu cha kawaida kisicho na kidhibiti joto hupita nyuzi 300, karibu mara mbili ya kinachohitajika. Moshi ukianza kupanda na plastiki kubadilika kuwa ya kahawia, huungi tena, unaunguza. Chomoa waya kwenye soketi kwa muda, fanya kazi chuma kikiwa kinapoa, kisha uchomeke tena. Plastiki iliyo sawa hung'aa kama imelowa, huvutika kama ugali laini, na haitoi moshi wa kuonekana. Kiini cha kazi ni kuyeyusha pande zote mbili kwa pamoja, utepe na bampa. Wengi huyeyusha utepe tu na kuudondoshea juu ya bampa baridi, na huko kunabaki kubandika.

Penye mvuto mkubwa, kama ukingo wa bampa au kandokando ya tundu la boliti, zamisha wavu mwembamba wa chuma cha pua. Ulaze juu ya ufa, uukandamize kwa chuma cha moto hadi uzame chini ya uso kidogo, kisha uufunike kwa PP zaidi. Wavu wa dirisha ulio wa nyuzi za plastiki hautakusaidia. Zipo pia pini za moto zenye umbo la mawimbi, zinazochomekwa kwa kifaa chake cha umeme. Ni nzuri kwa kushikilia, ila zikiachwa peke yake ufa unabaki wazi kati ya pini na pini.

Acha kipoe chenyewe. Kukimwagia maji ili uwahi ni kukilazimisha kijikunje haraka upande mmoja, na mkazo huo utakidai baadaye. Kikishapoa geuza mbele, chonga mfereji mwingine usio na kina kirefu, jaza vilevile.

Ukitaka kujua kama mkono wako umeshika kazi, fanyia mazoezi kwenye kipande cha bampa bovu. Yeyushia utepe juu yake, uache mkia wa kushika, kikipoa uuvute kwa koleo. Ukibanduka na kuacha uso laini, hukuunga. Ukichanika wenyewe, au ukitoka na nyama ya bampa, sasa kachukue bampa la mteja.

Rangi ni somo lake, nitagusia tu. PP huota manyoya ukiipiga msasa, kwa hiyo kwangua kwanza kwa wembe mpana, kisha msasa namba 180, halafu 320. Puti ya bati ikipakwa kwenye bampa linalopinda itapasuka. Omba puti ya plastiki. Na kabla ya rangi, paka praima maalumu ya plastiki, ile angavu inayopakwa nyembamba. Gundi ilikataliwa na uso huu, na rangi nayo itakataliwa vilevile.

ABS ina njia yake

ABS nayo huungwa kwa joto, lakini ina bahati ya ziada: asetoni inaiyeyusha. Chukua chenga za ABS, za rangi ileile ukizipata, zitie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mimina asetoni izifunike, acha usiku mzima. Asubuhi utakuta uji mzito. Upake kwenye mfereji wa V uliouchonga nyuma ya kava, na asetoni italainisha kingo, itazama, kisha itapaa na kuondoka. Kinachobaki ni ABS tupu iliyojiunga na ABS. Mshono huu haumtegemei mtu wa tatu, ndiyo maana naupenda.

Unataka subira. Tabaka nene hukauka juu na kufungia asetoni ndani, na mahali hapo panabaki laini na kujaa viputo. Paka nyembamba, acha ikauke, rudia, kisha uipe siku nzima au mbili kabla ya kufunga kipande kwenye pikipiki. Na asetoni inashika moto kirahisi mno. Mvuke wake unaweza kuwaka kwenye baridi ya friza. Usiifungue jikoni, wala karibu na anayevuta sigara.

Makava ya ABS yaliyo chini ya tangi la petroli mara nyingi hupasuka bila kugongwa. Petroli inayomwagika kila siku wakati wa kujaza hulainisha ABS pale ilipobanwa na skrubu, nyufa nyembamba zinaanza, na mtikisiko unamalizia. Mwendesha bodaboda akilipangusa kava lake kila anapotoka sheli, linadumu.

Tangi, rejeta na faiba

Poliethilini huungwa kwa joto kama PP, na utepe wake unaukata kwenye dumu la PE. Usiichanganye na PP, maana undugu wao haufiki huko. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani linaungika likiwa ni lile la kupiga mkono kwa wenzo, ambalo tangi lake halina shinikizo. Lile linalojazwa upepo kisha kufungwa, likipata ufa limekwisha kazi. Na lolote lililobeba dawa ya wadudu lisafishwe mara kadhaa kabla ya kuliletea moto, kwa sababu moshi wake utapita kwenye mapafu ya anayeunga.

Rejeta ya PA66-GF30 naiunga kwa dharura ya kufika nyumbani, si zaidi. Maji ya moto yenye shinikizo na nyuzi za kioo zilizokatika kwenye ufa havitoi nafasi ya mshono wa mkono kudumu.

Faiba iko nje ya familia hii yote. Mabodi ya urembo ya daladala na matatu, na boti nyingi za pwani yetu, ni nyuzi za kioo zilizogandishwa na risini, yaani utomvu wa viwandani, na risini ikishaganda haiyeyuki tena milele. Chuma cha moto kitaigeuza nyeusi tu. Inatibiwa kwa kupiga msasa mpana kuzunguka ufa, kulaza kitambaa cha nyuzi za kioo, na kupaka risini yenye hadena, dawa ya kuigandisha. Mafundi boti wanaijua kazi hiyo kwa macho yaliyofumbwa.

Visivyoungwa

Tangi la petroli, hata likikaa wiki tupu, lina mvuke. Kinacholipuka ni huo mvuke. Tangi la mashine ya kukatia nyasi ni dogo, linabadilishwa. Hakuna bei ya tangi inayolingana na uso wa mtu.

Kinga ya kisu cha mashine hiyo nayo usiiunge. Kisu cha nusu mita kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inapita karibu mita 78 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Kokoto ikirushwa kwa kasi hiyo, kinachoizuia isifike kwenye mguu wa mtoto aliyesimama barazani ni hiyo kinga. Mshono uliofanywa juani siku ya Jumapili hauna haki ya kusimama hapo.

Na helmeti. Nimeona helmeti za abiria zilizofungwa selotepu, nyingine zimeungwa kwa asetoni na kupakwa rangi zikang'aa. Ganda la helmeti na povu lake la ndani vimeundwa kufanya kazi moja mara moja: kupasuka na kubonyea badala ya fuvu. Helmeti yenye ufa imeshafanya kazi yake. Ikate katikati kabla ya kuitupa, mtu asije akaiokota.

Bampa la gari jipya lenye rada au sensa nyuma yake nalo liangaliwe kwa makini zaidi, kwa sababu unene wa plastiki, wavu wa chuma na puti mbele ya rada vinaweza kuipotosha. Na kwa gari lolote lililogongwa, ondoa bampa utazame nyuma. Kile tunachokiita bampa ni kava tu; kinachopokea pigo ni boriti ya chuma au aluminiamu na povu lililo mbele yake. Nimekutana na mabampa yaliyoungwa vizuri, yakapakwa rangi vizuri, na boriti iliyopinda imeachwa vilevile kwa ndani.

Tundu la boliti

Madigadi yangu ilimchukua yule fundi chini ya saa moja. Alichonga, akaunga kwa utepe wa bampa la gari la zamani, akazamisha wavu kuzunguka tundu la boliti. Nikadhani amemaliza. Akachukua keekee akaliongeza lile tundu upana kidogo.

Nilimuuliza kwa nini analegeza kitu alichotoka kukikaza. Akanieleza kwamba plastiki inarefuka juani kuliko chuma. Bampa la mita moja na nusu linaweza kuongezeka milimita kadhaa kutoka asubuhi ya baridi hadi saa nane mchana, wakati chuma kilichoshikana nalo hakiongezeki hata moja. Tundu likiwa limebana boliti pande zote, plastiki haina pa kwenda, inavutana na boliti kila siku, na mahali hapo ndipo ufa unapozaliwa. Ufa wangu ulianzia kwenye tundu.

Akakata viduara viwili kwenye tyubu ya zamani ya baiskeli, akaweka kimoja juu ya madigadi na kimoja chini, na wosha pana ya chuma juu yake. Akafunga boliti kwa mkono hadi ikagoma, akaongeza robo mzunguko kwa spana, akaacha. Kisha akaishika madigadi kwa vidole viwili akaitikisa, ikacheza kidogo sana, kama jino la mtoto ambalo bado halijafika siku yake. "Iache icheze hivyohivyo," akasema. Miezi kumi sasa, bado inacheza hivyohivyo.